Futi Inayotembea

Leonia hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na Kiingereza, na kitabu kilichokuja na mashine kilikuwa Kiingereza upande mmoja na Kichina upande wa pili. Hakuwa na bisibisi yake mwenyewe wala mkasi wa kukatia turubai, vyote aliazima. Hakuwa na mume wa kumsemea kikaoni, maana aliyekuwa naye alikwisha kutangulia mbele ya haki, wala hakujaliwa sauti ile ya kukatiza wenzake. Pale sokoni Mwanga hakuwa na baraza lake. Alishona pembeni ya baraza la wengine, karibu na magunia ya maharage, na mvua ikija upande upande yeye ndiye alikuwa wa kwanza kulowa. Na katika majuma ya mwisho kabla ya mvua za mwaka huu alipungukiwa na kitu kimoja zaidi, kikubwa kuliko vyote hivyo. Hakuwa na jibu la swali hili: kwa nini mashine itembee chini ya mkono wa kila mtu, ikifika kwake igome?

Alichokuwa nacho ni mshono ulionyooka. Watu wa Mwanga walisema mshono wa Leonia wa Simbo ukiuona utadhani umepigwa rula. Ndiyo sababu kikundi cha mafundi, kiliponunua mashine ya kushonea vitu vizito, kilimkalisha yeye hapo, ingawa Pastory alikuwa ameitamani nafasi hiyo na hakuificha tamaa yake.

Aliyemchagua hasa ni mwenyekiti, Bi. Shadia wa Ujiji. Alikuwa mama mtu mzima aliyeshona mabaibui na kanzu mpaka macho yakachoka, kisha akageukia kupika sabuni ya mawese. Sabuni yake ilisifiwa mpaka kwenye kambi za wavuvi. Alipokata miche, vipande vilivyobaki hakuvitupa. Aliwagawia mafundi bure, na kila fundi wa Mwanga alikuwa na kipande chake kwenye droo ya cherehani. Ukikunja kitambaa kizito unapitisha sabuni juu ya mstari wa mshono, sindano inaingia bila kulia. Ndivyo walivyofundishana miaka yote. Leonia, ambaye cherehani yake ya miguu ilikuwa dhaifu, aliishika desturi hiyo kuliko wote.

Mashine mpya haikuwa ya miguu. Ilikuwa na mota, na uzito wake ulitoa jasho vijana waliokwenda kuipokea stesheni. Cherehani ya kawaida husukuma kitambaa kwa meno ya chini peke yake. Hii ilikuwa na futi mbili juu, zile nyayo za chuma zinazoshika kitambaa. Ya nje inakandamiza. Ya ndani inashuka pamoja na sindano, inakamata kitambaa, inapiga hatua moja nyuma pamoja na meno ya chini, inainuka, inarudi kupiga nyingine. Kwa hiyo kitambaa cha juu na cha chini huondoka pamoja, hata kiwe kinene kama godoro. Ukiitazama vizuri unaona kabisa kwamba inatembea.

Kazi ya kwanza ilitoka kijiji cha Mwamgongo, kando ya ziwa. Wenye boti za abiria wa kule walitaka mapaa ya turubai, kwa sababu watu wao, wagonjwa na watoto wachanga wakiwamo, walikuwa wakipigwa na jua na mvua ziwani kuanzia bandari ya Kibirizi mpaka kwao. Katibu wao, Nehemia, alituma vipimo na turubai la boti la kwanza, pamoja na maneno haya: kama kazi mnaiweza, mjibu kwa barua yenye muhuri, maana wanachama wangu hawakubali mambo ya simu.

Leonia alianza na pindo la turubai hilo, mahali ambapo mkanda mnene wa kufungia kamba hukunjwa ndani. Alipitisha sabuni kwenye mstari, akaweka kazi chini ya futi, akakanyaga. Mshono ulianza vizuri. Halafu hatua zikawa fupi, zikafupika tena, mwisho sindano ikawa inatoboa palepale huku nyuzi zikijikusanya kama kiota.

Pastory aligeuka kwenye kiti chake. "Dada Leo, hiyo ni mashine au ni kuku anadonoa punje?"

Watu wakacheka. Leonia naye akacheka kidogo, akakata nyuzi, akafumua, akaongeza sabuni, akaanza upya. Ikawa vilevile. Akaongeza sabuni tena.

Kesho yake Bi. Shadia alikuja na Mwinshehe, fundi wa vyerehani kutoka Ujiji, mtu mfupi mwenye sanduku la bati lililojaa vyuma vya kila aina. Mwinshehe aliomba kitambaa. Pastory akampa vipande vya khaki vilivyobaki kwenye suruali za shule. Fundi akavishona, akaviinua kwenye mwanga. Mshono ulikuwa safi kabisa.

"Mashine nzima hii," alisema. "Haina ugonjwa."

"Kwangu inateleza, fundi," Leonia alisema.

"Basi tuikaze kidogo." Akazungusha skrubu ya juu, ile ya kuongezea mgandamizo wa futi. "Sasa haitateleza. Nisitoke Ujiji bure."

Alipoondoka, Leonia akaketi. Iliteleza kuliko jana, na sasa futi iliacha michubuko kwenye turubai. Akaketi Pastory na mfuko wa kubebea mkaa aliokuwa akiushona, wa kitambaa kisichokunjwa, mkavu. Mashine ikaenda kama maji.

"Mimi sina la kusema," Pastory alisema akiinua mikono. "Chombo kina mtu wake. Si mliona wenyewe?"

"Hujawahi kukosa la kusema wewe," muuza maharage alimjibu. Lakini maneno yalikwisha kushika. Jioni ile baraza zima lilikuwa likisema kwamba mashine imeukataa mkono wa Leonia.

Bi. Shadia alimwita kando, karibu na mlango.

"Leonia mwanangu, mimi ndiye niliyesema wewe. Unajua."

"Ego, mama. Najua."

"Boti ya Mwamgongo inaondoka Jumanne asubuhi. Jumatatu nitaandika jibu. Nikiandika kwamba tunaweza, lazima anayeketi hapo awe mtu ambaye mashine inamsikia. Sitaki watu wapandishe watoto wao chini ya mshono wa kubahatisha."

"Nipe nafasi mpaka Jumatatu hiyo."

"Nimekupa. Baada ya hapo ataketi Pastory, na wewe usinune."

Leonia hakununa. Lakini njia nzima ya kurudi Simbo alijua hasa anachokipoteza. Pale kwenye mashine palikuwa ndani, chini ya bati, na kazi yake ilikuwa ya mwaka mzima. Akiondolewa atarudi pembeni ya baraza, kwenye viraka na zipu za suruali, na safari hii atarudi akiwa na jina: yule aliyekataliwa na mashine. Jina la namna hiyo likikuganda katika soko, hata anayeleta kiraka anasita.

Jumapili, baada ya misa, aliomba ufunguo kwa Bi. Shadia akafungua chumba peke yake. Soko lilikuwa limepoa. Alikuwa amewaza jambo moja kanisani, na Mungu amsamehe kama aliliwaza wakati wa mahubiri. Siku zote hizi, kila iliposhindikana, alibadilisha mambo mengi kwa pamoja: uzi, mgandamizo, urefu wa hatua, sabuni, hata namna ya kukaa. Mtu anayekoroga vyote chunguni mara moja hawezi kujua ni kipi kilichoharibu mchuzi. Leo atabadilisha kitu kimoja, atazame, ndipo aguse kingine.

Alianza na karatasi ya mfuko wa saruji. Alitoa uzi kwenye sindano, akapitisha karatasi tupu chini ya futi, akaishika kwenye dirisha. Matundu yalipangana sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho, kama nyayo za mtu asiye na haraka. Basi mashine ilikuwa inatembea. Kosa lilikuwa katika kile alichokuwa anailisha.

Akachukua kipande cha turubai, kikavu, akakikunja mara mbili tu. Kilikwenda, ingawa sindano ilikuwa ikilia. Akalikamata turubai lenyewe la boti, kubwa, akaliacha lining'inie nyuma ya meza. Hapo hatua zikafupika. Alisimama akatazama. Uzito wa turubai ulikuwa unaivuta kazi kuelekea sakafuni, na futi ilikuwa inapigana na uzito huo. Akasogeza mabenchi mawili nyuma ya meza na kushoto, akalilaza turubai juu yake. Hatua zikarefuka tena, japo si zote. Nusu ya jibu ilikuwa imepatikana, na moyo wake ukaanza kwenda mbio.

Kisha akatoa kipande cha sabuni kwenye droo, akapaka mstari, akashona. Mshono haukupita urefu wa kiganja. Kuku akaanza kudonoa.

Leonia akaondoa mguu kwenye pedali. Alikaa akikitazama kile kipande cha sabuni mkononi mwake, cha manjano, laini kwa joto la bati, chenye alama ya kidole chake. Alifungua skrubu za sahani ya sindano na bisibisi ya kuazima, akaiinua. Kati ya meno ya chini mlikuwa mmejaa utando mgumu wa rangi ya mawese yaliyopauka, umechanganyika na nyuzinyuzi, umeshikamana kama ukoko. Meno hayakuonekana. Alipitisha kidole juu yake, kikateleza. Futi ya ndani, nayo yenye vijimeno vyake chini, ilikuwa vivyo hivyo. Mashine ilikuwa imegeuka kibogoyo, na yeye ndiye aliyekuwa akiing'oa meno kila siku, akiamini anaisaidia. Kila ilipoteleza aliongeza sabuni, na kila alipoongeza sabuni iliteleza zaidi.

Alichokonoa ukoko ule kwa sindano ya mkono, akasugua kwa mswaki na mafuta ya taa, akafuta mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Makombo hakuyatupa. Aliyaweka kwenye karatasi, akaikunja.

Lakini furaha yake ilikuwa na mwiba. Sabuni ile ilikuwa ya nani? Na barua ya kesho ilikuwa inaandikwa na nani?

Jumatatu wote walikuwapo. Bi. Shadia alifika na Mwinshehe, aliyetaka kuthibitisha kwa macho yake kwamba mashine aliyoisema nzima ni nzima. Leonia alimwamkia mwenyekiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una jibu?"

"Naomba unipe kiganja."

Bi. Shadia alimtazama, akatoa kiganja. Leonia akammwagia makombo. Mama yule aliyasaga kwa vidole, akanusa.

"Hii ni mawese," alisema. "Mmetia mawese kwenye mashine? Nani huyo mshenzi?"

"Si mawese matupu, mama. Ni sabuni. Ndiyo hii tunayopaka kwenye mshono. Imejaa kwenye meno, kitambaa hakishikwi."

Pastory alidakia.

"Haya, leo tumesikia! Mashine imemshinda, sasa anamsingizia mama mwenyekiti!"

"Sikumsingizia mtu. Nimepaka mwenyewe kwa mkono wangu."

"Sabuni yangu," Bi. Shadia alisema polepole, "inatoa damu ya samaki kwenye nguo za wavuvi. Inatoa masizi. Hakuna aliyewahi kuniambia inaleta uchafu."

"Toka hapo, dada Leo," Pastory alisema. Alikwisha kuvuta kiti. "Mama, nitakutetea mimi. Leteni hiyo sabuni. Nitashona mpaka povu litoke."

Alipaka kipande cha turubai kwa ukarimu mkubwa, pande zote mbili, akakunja pamoja na mkanda, akakanyaga. Mashine ikapiga hatua chache nzuri. Pastory akageuza shingo kuwatazama watu. Aliporudisha macho, sindano ilikuwa inatoboa palepale.

Muuza maharage alikuwa amechungulia mlangoni. "Pastory! Kuku wako huyo anakula nini?"

Kicheko kile kilisikika mpaka upande wa wauza dagaa. Pastory alijaribu kuvuta turubai kwa nyuma ili kulisaidia, sindano ikapinda, akaacha. Mwishowe akacheka mwenyewe, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa maneno tu.

Bi. Shadia hakucheka mara moja. Alikuwa ameinama juu ya mashine akigusa futi. Halafu akanyoosha mgongo.

"Sabuni yangu inateleza," alisema. "Ningekasirika kama ingenata. Endelea, Leonia."

Leonia alisafisha meno tena mbele yao, akaweka sindano nyingine, akalaza turubai juu ya mabenchi, akashona pindo kavu. Lilikwenda. Lilikwenda vizuri mpaka kwenye kona ambapo mkanda umekunjwa juu ya mkunjo mwingine. Hapo sindano ikalia, ikakatika. Kipande kikaruka ukutani.

Leonia alihisi masikio yake yakipata moto. Bila sabuni sindano haipiti, na ikiwapo sabuni kitambaa hakitembei. Aliona macho ya Bi. Shadia yakienda kwa Pastory, kisha kwenye bahasha na kalamu vilivyokuwa mezani.

"Hebu niione hiyo sindano," Mwinshehe alisema. Akaokota kipande kilichobaki, akakiweka kwenye ukucha. "Hii ni ya suruali. Hata ungekuwa malaika usingetoboa mkanda huu kwa hii." Akafungua sanduku lake la bati, akafukua chini kabisa, akatoa pakiti ya sindano nene.

"Fundi!" Bi. Shadia alipaza sauti. "Ulikuwa nazo siku ile?"

"Nilikuwa nazo."

"Kwa nini hukutupatia?"

"Siku ile mlinionyesha khaki. Nikatibu khaki. Mgonjwa asipoletwa, daktari atapima nini?"

Leonia hakungoja mabishano yaishe. Alifungua kile kitabu kisichosomeka na kuweka kidole kwenye picha iliyoonyesha mgongo wa mashine. "Fundi, Kiingereza sikijui, lakini picha naiona. Hii nati yenye masikio, hapa nyuma, mshale unaonyesha juu, na hapa wamechora futi imepanda kitu kinene. Si ndiyo inayoinua hatua ya futi?"

Mwinshehe akainama, akatazama picha, akatazama mashine. "Ndiyo. Ukiisogeza juu, futi inanyanyuka zaidi. Iko chini kabisa. Na hii skrubu ya juu…" Akasita. "Hii niliikaza mimi. Ilegeze."

Walisogeza nati, wakalegeza skrubu, wakatia sindano nene na uzi wake. Leonia aliirudisha ile kona chini ya futi. Hakukanyaga. Alizungusha gurudumu kwa mkono kwanza, aone kila hatua. Futi ya ndani ikanyanyuka, ikaupanda mkunjo kama mbuzi anavyopanda mwamba, ikashika, ikarudi nyuma na kazi yote. Sindano ikashuka bila kulia. Hapo ndipo alipoweka mguu kwenye pedali.

Alishona pindo lote la upande mmoja wa boti bila kusimama. Aliligeuza. Chini na juu mshono ulikuwa mmoja, na kwenye kona hatua zilikuwa na urefu uleule kama sehemu tambarare. Bi. Shadia alivaa miwani, akafuata mstari kwa ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho, akajaribu kuuvuta kwa mikono miwili. Kisha akampa Mwinshehe auvute. Kisha akampa Pastory.

"Vuta. Wewe ndiye uliyekuwa unakitaka kiti."

Pastory alivuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Mshono ulitulia. Akaliachia turubai. "Aketi huyu," alisema. "Mimi nitakaa nyuma kuvuta… hapana, kubeba! Kubeba uzito, dada Leo, sivuti kitu. Sindano za mzee Mwinshehe ni chache."

"Na mabaki ya sabuni," Bi. Shadia alisema akivua miwani, "mtafulia. Nikikuta kipande kwenye droo ya mashine hii nitakitia mdomoni mwa aliyekiweka."

Akasogeza kiti mezani, akamsukumia Leonia karatasi. "Macho yangu hayafai kwa kalamu. Andika wewe. Kwa Katibu, wenye boti, Mwamgongo. Salamu. Kazi yenu tunaiweza."

Leonia aliandika. Mwandiko wake ulikuwa kama mshono wake. Alipofika kwenye nukta aliinua kalamu.

"Mama, naomba tuongeze jambo."

"Lipi?"

"Tuseme tunawapa hili la kwanza, walifunge kwenye boti moja, wasafiri nalo kwenye mvua. Wakiona mshono unavuja waturudishie. Likisimama, ndipo tushone ya boti nyingine."

"Utawatia shaka. Mtu anayejiamini hasemi hivyo."

"Jana asubuhi mimi nilikuwa sijiamini kabisa, nikajaribu kitu kimoja kimoja. Ndipo tumefika hapa. Na wao wajaribu, mama. Ni watoto wao."

Bi. Shadia alifikiri, akasonya, lakini kwa namna ya mtu aliyekubali. "Haya, ongeza. Usirefushe."

Chini ya jina la mwenyekiti palibaki nafasi ya fundi mshonaji. Leonia alitazama nafasi ile, akamtazama mama. Bi. Shadia alikuwa anashughulika na kidau cha wino wa muhuri na hakuinua kichwa. "Unangoja nini? Wino unakauka."

Aliandika jina lake lote, na la baba yake, na Simbo. Muhuri ukapigwa pembeni. Barua ikakunjwa mara tatu, ikaingia kwenye bahasha. Leonia akalamba gundi yake, akaikandamiza kwa kiganja juu ya meza, akapitisha ukucha ukingoni pande zote mpaka pasibaki pa kuingiza hata wembe.

Jumanne asubuhi aliteremka nayo Kibirizi mwenyewe. Boti ilikuwa inapakia. Akina mama walikuwa wamejifunika khanga vichwani, na mzee mmoja alikuwa amefungua mwavuli juu ya mjukuu wake. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima ya Gombe, mazito, lakini hayajashuka. Leonia aliingia majini mpaka kwenye magoti, akamnyooshea nahodha bahasha.

"Ya katibu Nehemia. Umpe mkononi."

"Turubai liko wapi?" nahodha aliuliza. "Watu wangu wameniambia nirudi na jibu."

"Jibu ni hilo. Turubai tunamalizia pande zilizobaki; ukirudi litakuwa tayari."

Nahodha aliitia bahasha kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga fundo, akaupachika ndani ya shati lake. Vijana wakasukuma boti, injini ikashika, na barua ikaenda.